Unyoya wa Kuku na Masikio ya Mzee Mafuru

Nafuga kuku hapa Nyakato, Musoma, nyuma ya nyumba. Nyinyi mnaonitembelea kutoka chuo cha uuguzi mnawajua, maana wanavipanda viatu vyenu vyeupe bila aibu. Msichokijua ni kwamba baadhi ya majirani zangu hawaji kununua mayai wala jogoo. Wanakuja kuomba manyoya. "Mama Rhobi, nisaidie kamoja tu, kale karefu ka kwenye bawa." Najua kanakokwenda. Kanakwenda sikioni. Nimefanya kazi ya masikio karibu maisha yangu yote ya unesi, halafu nizeeke niwe mgawaji wa silaha? Nawanyima. Wanasema nina roho mbaya. Shauri yao.

Mmeniuliza habari za sikio kavu, lile linalotoa magamba meupe kama unga na kuwasha mpaka mtu anakunja uso kanisani. Mwalimu wenu, mnasema, amelipitia kwa haraka akaenda kwenye magonjwa makubwa. Simlaumu. Sikio kavu haliui mtu. Ila nitawaambia, wengi wa watu waliokaa kwenye benchi letu la kliniki ya masikio, pale hospitali ya Musoma, walianza na kuwashwa tu, na kilichowaleta kliniki ni kile walichokifanya baada ya kuwashwa.

Mimi nilifundishwa na Mama Nyangeta, mkuu wa kliniki yetu ya masikio enzi hizo. Mwanamke mfupi, mkali, hacheki ovyo. Siku yangu ya kwanza alinipa mgonjwa, nikachukua kile chombo chenye taa nikamvamia sikioni mara moja. Mama Nyangeta akanishika mkono.

"Sikio liko wapi, binti?"

"Hili hapa, mama."

"Nimekuuliza liko wapi."

"Kwenye kichwa."

"Basi mbona hujakiangalia kichwa?"

Somo lilikuwa hilo, na mpaka nastaafu sikupata lingine zuri zaidi. Mtu akija na magamba sikioni, mwambie avue kofia, afungue kitambaa. Angalia nywele. Ana mba? Angalia nyusi na pembeni mwa pua, pana ngozi nyekundu inayobanduka? Basi ni mba ileile imeteremka sikioni, na ukihangaika na sikio peke yake ukaacha kichwa, utamwona tena mwezi ujao. Mwambie akunje mikono uone viwiko. Kuna watu ngozi yao hutengeneza magamba mazito viwikoni na magotini, na wakati mwingine sikio nalo linapata sehemu yake. Muulize kama tangu utoto ana pumu ya ngozi. Halafu muulize anapaka nini. Nilikuwaga na dada mmoja wa Bunda, mtunza ofisi, masikio yamebanduka kama ukuta wa chokaa. Tumehangaika naye weee! Kumbe ni dawa ya kulainisha nywele inamchuruzikia huko, na juu yake hereni za bei ya chee. Alipobadilisha hivyo viwili, akapona bila dawa ya maana. Siku hizi ongezeni na hivi vidude vya kusikilizia muziki. Mtu anashinda navyo, analala navyo, jasho na joto vinakaa humo humo.

La mwisho, muulize anaingiza nini. Kwa watu wetu la mwisho hili mngelifanya la kwanza. Atakwambia haingizi kitu. Subiri. Mwulize akiwashwa anafanyaje. Hapo ndipo utasikia: funguo, njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu, vijiti vya pamba vya dukani, unyoya wa kuku.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hata wauguzi wanakosea. Nta ya sikio siyo uchafu. Ni mafuta ya sikio lenyewe. Inalainisha ngozi, inazuia maji, inanasa vumbi. Na ngozi ya ndani ina tabia ya kusogea polepole kuja nje, inabeba nta yake na uchafu wake, inavitupa mlangoni bila kumuomba mtu msaada. Wewe ukiingiza kijiti, unaondoa mafuta na unakwaruza ngozi. Ngozi isiyo na mafuta inakauka. Iliyokauka inawasha. Inayowasha unaichokonoa tena. Mzunguko huo mtu anaweza kukaa nao miaka kumi akidhani ana ugonjwa wa ukoo.

Na msikimbilie mafuta ya jikoni. Mfugaji mmoja wa Buswahili, mtu mzima wa heshima zake, alijitilia samli vuguvugu masikio yote mawili akalala. Asubuhi sisimizi wako kwenye mto, wamejipanga barabara. Alipotusimulia, Mama Nyangeta aligeukia dirishani. Ndiyo siku nilijua kwamba naye hucheka.

Lakini mlitaka mfano wa mtu, siyo mahubiri. Basi nitawapa Mzee Mafuru wa Kisorya, na hasa mkewe, kwa sababu ndiye aliyeanza kuja.

Mkewe, Mama Majura, alikuja kliniki peke yake asubuhi moja, amevaa kitenge kizuri, ana begi la nguo mkononi. Begi lile nililiona mapema. Mgonjwa wa siku moja habebi begi la namna hiyo. Akaketi, akanisalimia vizuri, akasema, "Nesi, nimekuja unisaidie. Mume wangu amenichoka."

"Mama, hapa ni masikio."

"Najua. Yote yameanzia kwenye masikio."

Akafungua fundo la leso yake. Ndani mlikuwa na magamba. Magamba meupe, makavu, mengine yenye kadamu kidogo. Alikuwa amekusanya alichokitoa kwenye masikio ya mumewe, akakileta ili nione kwamba yeye siyo mvivu.

Lazima niwaeleze kitu ambacho wazazi wenu wanakijua na nyinyi labda mmekiona mkakidharau. Kwa watu wengi wa huku ziwani, kumsafisha mume masikio siyo usafi tu. Jioni kazi zimeisha, mwanamke anakaa kwenye mkeka, mwanaume anaweka kichwa kwenye mapaja yake, na unyoya unaanza kazi. Hapo ndipo mambo ya nyumba yanaposemwa: ada ya mtoto, shemeji mkorofi, shamba lipi lipumzike. Mwanaume ambaye mchana haongei na mtu, pale anaongea. Mama Majura alimfanyia Mzee Mafuru hivyo tangu alipoolewa. Mzee ni fundi mitumbwi, vumbi la mbao linamwingia kila mahali, kwa hiyo yeye aliona kazi yake ina sababu zaidi.

"Zamani akilala hapa," akajipiga pajani, "tunaongea mpaka moshi wa jikoni unaisha. Halafu yakaanza haya magamba. Kanisani wanawake wanakaa nyuma yake, wanaona masikio meupe, wananiangalia mimi. Unajua wanavyoangaliaga. Nikaongeza bidii. Kila siku natoa. Nikitoa leo, kesho yamejaa."

"Halafu?"

"Halafu akaanza kunikatalia. Nikimgusa, anatoa kichwa. Nikimwita, hajibu. Namwita mara ya pili, kimya. Nesi, mtu amelala kitanda kimoja na wewe, unamwita hajibu! Nimemwambia basi, mimi naenda kwa mwanangu Majura, kule Nyakato. Hata hilo hakunijibu."

Akalia. Hakulia kwa kelele. Alijifuta na ncha ya kitenge, akafunga leso yake na magamba yale ndani, kama mtu anayefunga hela. Nitasema ukweli, nilimwonea huruma, ingawa kazi yangu haikunifundisha kuonyesha.

Nikamuuliza, "Alipokataa kukujibu, wewe ulikuwa wapi? Mbele yake?"

"Nilikuwa jikoni."

"Na ukiwa mbele yake, anakuangalia mdomo?"

Akafikiri. "Mbele yake anajibu."

"Ulivyomwambia unaondoka, alikuwa anakuangalia?"

"Alikuwa amenipa mgongo, anaranda mbao."

Mnaona nilipokuwa naelekea. Nikamwambia, "Mama, sijui kama mumeo amekuchoka. Hilo halina kipimo hapa. Ila nataka kujua kama anakusikia. Mlete."

Majura, kijana wao, ndiye aliyempigia baba yake simu. Akaniambia baadaye kwamba ilikuwa shida tupu. Mzee anaweka simu sikioni, anapiga kelele, "Halo! Halo! Ongea!" na kijana anaongea mpaka mishipa inamtoka shingoni. Ikabidi jirani apewe simu, amwonyeshe mzee kwa mikono kwamba mke yuko Musoma na yeye anahitajika hospitali. Mzee akaelewa nusu. Alielewa kwamba mkewe anaumwa. Kesho yake alifika amevaa koti la kanisani, uso umemwisha, akapita mapokezi bila kusimama, akawa anafungua kila mlango anamtafuta. Alipomkuta Mama Majura ameketi mzima kwenye benchi letu, alisimama tu. Kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe, kliniki nzima ikageuka:

"Mama Majura! Kumbe uko hai!"

Mama wa watu akainamisha kichwa, hajui aone aibu au afurahi.

Nilimtazama kichwa kwanza, kama nilivyofundishwa. Mba ipo, siyo haba. Pembeni mwa pua pia. Ndipo nikaenda sikioni. Nilichokiona nimekiona kwa wengi: njia ya sikio imevimba, nyekundu, michubuko juu ya michubuko, na huko ndani zaidi magamba yaliyosukumwa na unyoya yameshikamana na nta, yameziba kama kizibo. Sikio la pili vilevile. Daktari wetu akaangalia naye, akasema tuyatoe taratibu kwa kifaa, huku tunaona tunachofanya. Tulipomaliza tukaziona ngoma za masikio zote mbili, nzima. Akampa matone ya kutuliza uvimbe na muwasho, na sabuni ya dawa ya kuoshea kichwa. Matone ya namna hiyo, wanangu, yanatolewa na daktari baada ya kuangalia ndani. Siyo ya kuazimana na jirani.

Kazi ngumu ilikuwa kumweleza Mama Majura. Nilimwambia magamba yale hayakuwa uchafu, yalikuwa ngozi. Akanitazama hivi.

"Ngozi ya wapi? Mimi nimeparua samaki tangu mtoto. Sato ukishamparua, magamba yameisha. Hayarudi."

"Hayarudi kwa sababu sato amekufa, mama. Mzee yuko hai. Ukimparua, mwili unatengeneza mengine haraka haraka kufunika kidonda. Unaparua tena, unatengeneza tena."

Akaangalia vidole vyake, akamwangalia mumewe.

"Kwa hiyo nilikuwa namuumiza."

"Ndiyo."

"Na yeye alikuwa anatoa kichwa kwa sababu ya maumivu."

"Ndiyo, mama."

"Mbona hakusema?"

Mwanaume wa Kisorya aseme unyoya wa mke wake unamuuma? Nikampa maagizo. Asiingize kitu sikioni, iwe unyoya, iwe kijiti, iwe kidole. Mzee akioga, aweke pamba iliyopakwa mafuta ya mgando mlangoni mwa sikio, asiisukume ndani, na akimaliza aitoe. Sabuni isiingie. Akiranda mbao ajifunge kitambaa kichwani. Akisikia maumivu, au usaha, au usikivu umepungua tena, arudi. Nikamalizia kwa maneno niliyowaambia mamia ya watu: "Mama, kuanzia leo mkono wako usiingie kwenye masikio yake."

"Nimesikia," akasema. Wakaondoka pamoja na lile begi. Mzee ndiye aliyelibeba.

Waliporudi kuangaliwa, masikio yalikuwa yametulia. Ngozi laini, uvimbe hakuna, magamba machache tu mlangoni. Mzee anasikia. Nilimjaribu kwa kunong'ona nikiwa nyuma yake, akarudia kila neno, akajidai sana. Mama Majura alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mikono mapajani. Nilifunga jalada nikahesabu kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Baada ya muda Mzee Mafuru akaja peke yake, bila kuitwa. Kutoka Kisorya mpaka Musoma siyo kuvuka barabara.

"Nesi, nawashwa."

Nikaangalia kichwa, nikaangalia masikio. Safi. Hata mba imepungua.

"Upande gani?"

"Wote."

"Sioni kitu, mzee."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena, maana Mama Nyangeta alitufundisha kumwamini mgonjwa mara mbili. Hakuna kitu. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. "Mzee Mafuru, una nini?"

Akaangalia mlango kama umefungwa. "Wewe nesi umenirudishia masikio, nashukuru. Lakini umeninyang'anya mke."

"Mimi?"

"Umemwambia asiniguse."

"Masikio, mzee. Nilisema masikio."

"Yeye ameshika yote. Jioni ananipa chakula, anaenda kukaa kule, anachambua dagaa. Mkeka wenyewe ameukunja, ameuegesha ukutani. Nikimsogelea anasema, 'Usije ukaumia tena.' Ananikwepa kama ukuta uliopakwa rangi leo." Akakohoa kidogo. "Sasa nasikia kila kitu. Nasikia kuku, nasikia injini za wenzangu ziwani. Yeye haongei. Kwa hiyo nimesema, ukimwambia kwamba bado nawashwa, na kwamba ni lazima..."

Hakumaliza. Mtu mzima yule, mikono imejaa makovu ya randa, masikio safi kuliko ya askofu, amesafiri kutwa ili aombe kuumwa.

Sikumcheka, ingawa nilitamani. Nikawaza kitabibu. Ngozi yake ilikuwa imepona lakini bado kavu, na ngozi kavu iliyopona inaweza kusaidiwa na mafuta. Siyo samli. Mafuta safi ya zeituni ya duka la dawa, tone moja au mawili, mara moja au mbili kwa wiki. Hilo ni kwa sikio ambalo ngoma yake imeonekana ni nzima, halina maumivu, halitoi usaha. Sikio lililotoboka au linalochuruzika msilitie kitu, nalirudia hilo kwa sababu mtanisahau mimi lakini msisahau hilo. Na mafuta hayatiwi mtu akiwa amesimama. Analala ubavu, sikio juu, anatulia yaingie, kisha anageuka upande wa pili.

Nikampigia simu Mama Majura, mzee akiwa ameketi palepale. Nikamweleza yote hayo pole pole. Nikamwambia mzee hawezi kujitilia mwenyewe, atakosea, lazima mtu mwingine amtilie.

"Mimi?" akauliza. "Si ulisema nisimguse?"

"Nilisema usiingize kitu. Hapa huingizi kitu. Unadondosha tone tu mlangoni, unavuta sikio kidogo juu na nyuma, basi."

"Sitamuumiza?"

"Hutamuumiza."

Nilisikia kuku wake kwenye simu.

"Na kichwa akilaze wapi?"

"Popote panapotulia, mama. Mto unateleza. Mapaja yanafaa zaidi."

Kisha akasema, "Haya, nesi," na sauti yake ilikuwa imebadilika. Mzee Mafuru alikuwa anatazama ukuta wangu kwa makini sana, kama anausoma. Alikuwa amesikia yote, upande wangu na upande wa mkewe. Masikio yake ni mazima.

Mwaka uleule tulikwenda Kisorya na gari la kliniki kupima masikio ya watoto wa shule. Tulimaliza mapema, nikapita kwao kuwasalimu. Mkeka ulikuwa umetandikwa kivulini mwa banda la mitumbwi. Mama Majura ameketi amenyoosha miguu, mzee amelala ubavu kichwa mapajani mwake, macho yamefumbwa. Chupa ndogo ya mafuta iko pembeni, imefunikwa. Nikaitafuta kwa macho alama ya unyoya. Sikuona.

Wakanikaribisha, nikapewa kigoda. Mama akanisimulia habari za Majura, za mahindi, za mjukuu. Kivuko cha Ukerewe kilikuja, kikashusha watu, kikapakia, kikaondoka. Mzee bado yuko vilevile.

Nikamwambia, "Mzee, mafuta ni dakika chache tu. Hayo yako hayajaingia?"

Hakufumbua macho. "Mafuta ya siku hizi, nesi, yanaingiaga polepole sana."

"Mwongo huyu," akasema Mama Majura. "Hilo sikio tulilimaliza zamani."

Lakini hakumwinua. Aliinama akamsemesha kwa Kijita, lugha ya kwao, kwa sauti ndogo kabisa. Mimi niliyekuwa nimekaa hatua chache kutoka kwao, nesi wa masikio, sikupata hata neno. Mzee Mafuru alilipata, akacheka.